Kumfuga fayafishi nyumbani: samaki mdogo wa matumbawe anayekufa kwa woga

Chumvi Kali:

Wakuu, habari za jioni.

Kwenye nyuzi za samaki wa mapambo humu jukwaani kuna lalamiko linajirudia. Mtu kanunua kale kasamaki keupe kenye mkia mwekundu, siku ya kwanza kamwona, siku ya pili hamwoni. Baadaye anafagia nyuma ya kabati anamkuta kakauka. Lawama zinakwenda kwa muuzaji, kwa maji, kwa chakula. Mimi nasema kilichomuua ni woga, na woga wenyewe ulikuwa wa kutarajiwa.

Tunayemzungumzia ni fayafishi, kitaalamu Nemateleotris magnifica. Wala si mgeni kwetu: anapatikana kuanzia pwani hii ya Afrika Mashariki mpaka visiwa vya Hawaii. Akikua sana hafiki zaidi ya sentimita 9. Kichwa na kifua ni vyeupe, usoni kuna unjano kwa mbali, halafu kuanzia katikati ya mwili rangi inakolea: chungwa, nyekundu, mpaka mkiani inaelekea weusi. Mgongoni ana mwiba mmoja mrefu mwembamba anaouinua na kuushusha muda wote. Ukikaa ukamtazama utaona anauchezesha zaidi mwenzake akikaribia, au kitu kikimtia shaka.

Baharini anakaa kwenye miteremko ya nje ya mwamba, mita 6 kwenda chini, penye mchanga na vifusi vya matumbawe. Ana shimo lake. Anaelea juu ya shimo, uso kauelekeza mkondo unakotoka, anadaka vidudu vinavyopita na maji. Kikipita kivuli hapigi mbio, anatumbukia shimoni. Maisha yake yote ni kula karibu na mlango wa nyumba. Sasa wewe unamchukua huyo unamtia kwenye kioo kitupu sebuleni, taa kali juu, watoto wanagonga kioo, luninga inaunguruma. Shimo hana. Njia iliyobaki ni juu, na huko ndiko anakokwenda.

Kwa hiyo cha kwanza ni mfuniko. Uwepo kabla ya samaki, hata kabla ya maji. Naona watu wanaweka kioo kizima juu. Kinazuia samaki sawa, lakini kinafungia joto, na kwetu joto tayari ni tatizo. Chukua fremu ya alumini, fundi wa madirisha akukatie kwa kipimo cha tanki, uvike wavu wa plastiki ule wa kuzuia mbu. Usitumie wavu wa waya, kutu itaingia majini. Chumvi itaganda kwenye wavu, kila unapobadilisha maji uusuuze kwa maji yasiyo na chumvi. Halafu angalia pembeni, pale bomba na nyaya zinapopita. Penye upenyo wa kidole, fayafishi anapita. Ziba kwa sponji.

La pili ni mashimo. Panga mawe yako yaache mapango madogo chini karibu na mchanga, mengi kuliko samaki ulionao. Kipande cha bomba la plastiki la nusu inchi, urefu wa kiganja, ukikifukia nusu mchangani anakikubali vizuri tu. Mawe yakae juu ya kioo cha chini, mchanga uje baadaye, maana samaki wakichimba chini ya jiwe lililokalia mchanga linaporomoka.

La tatu, majirani. Hapa ndipo wengi mnapoharibu. Yule mweusi mwenye madoa matatu meupe, Dascyllus trimaculatus, anauzwa rahisi na hafi ovyo, ndiyo maana kila anayeanza anaye. Akikua anakuwa mkorofi na atamfungia fayafishi shimoni mpaka afe na njaa. Kikande, chewa, mchafukoge na mkunga sihitaji hata kuwaeleza, hao wanamla. Nemo (yule wa chungwa mwenye mistari myeupe) wa jamii ndogo, kamba wasafishaji na samaki wengine wa chini wapole hawana neno naye. Na fayafishi awe wa kwanza au wa pili kuingia, asiwe wa mwisho. Akiwakuta wenyeji wameshagawana mapango, kazi anayo.

Maji ni somo refu, nitagusa kulingana na maswali.

fundi_vioo:

Mkuu uzi umeshiba. Tanki liwe la ukubwa gani? Kuna mteja wangu anataka la lita 30 liwekwe juu ya friji.

Chumvi Kali:

Mwambie hapana. Samaki mwenyewe ni mdogo, shida ni maji machache kubadilika haraka. Lita 30 Dar, feni ikipuliza kutwa, zinakauka kiasi cha chumvi kupanda ndani ya siku mbili. Maji yanayokauka yanaondoka bila chumvi, kwa hiyo kila siku unafidia kwa maji baridi yasiyo na chumvi, siyo ya bahari. Hilo liandike ukutani.

Anzia lita 80. Sentimita 60 kwa 35 kwa 40 kwenda juu inakupa lita 84 za hesabu. Maji ya bahari lita moja ni kama kilo 1.025, jumlisha mawe, mchanga na kioo chenyewe, unazungumzia zaidi ya kilo 110. Juu ya friji hapana, na meza ya mbao laini pia hapana. Friji nayo inatetemeka na kunguruma kila kompresa ikiwaka, samaki mwoga utamweka hapo kweli?

fundi_vioo:

Nimekuelewa. Nitampigia stendi ya chuma.

Binti Tanga:

Kaka, asante kwa somo. Chumvi ya madukani ya akwariamu bei yake inaumiza. Huku kwetu mashamba ya chumvi yapo mlangoni, kilo haifiki hata bei ya soda. Si inatoka baharini hiyo hiyo? Nikiikoroga gramu 35 kwa lita si narudisha bahari?

Chumvi Kali:

Dada yangu, swali zuri na jibu lake linasikitisha. Hurudishi bahari.

Tazama shamba la chumvi linavyofanya kazi, iwe Tanga, Bagamoyo au kule Gongoni Kenya. Maji yanaingia bwawa la kwanza, jua linayapunguza, yanahamishiwa la pili, la tatu. Njiani chokaa inatua kwanza, kisha jasi, yaani kalisi nyingi imeshabaki kwenye mabwawa ya mwanzo. Chumvi ya kula inaganda maji yakiwa yamebaki kama sehemu ya kumi. Halafu yale maji machungu yanayobaki juu yake, ambayo wanayamwaga, ndiyo yenye magnesiamu. Kinachoingia kwenye gunia karibu chote ni sodiamu na kloridi.

Maji halisi ya bahari lita moja yana takribani miligramu 1,290 za magnesiamu na 410 za kalisi, pamoja na kabonati zinazozuia maji kugeuka tindikali. Ukikoroga chumvi ya shambani kipimo cha uzito wa maji kitasoma vizuri kabisa, 1.025, utafurahi, samaki atakufa. Wewe uko Tanga, una bahari yenyewe. Chota maji.

Kadzo wa Likoni:

Hapo kwa kuchota naomba niongeze, maana sisi Mombasa ndivyo tufanyavyo. Usichote maji yakitoka. Maji yakitupwa yanashuka na uchafu wote wa ufuoni. Ngoja yajae, saa ile yamesimama kabla ya kugeuka, na kama una mwenyeji mwenye dau akupeleke nje ya mwamba ndiyo bora zaidi. Mdomo wa mto na bandarini wacha kabisa. Masika nayo, mvua ikipiga wiki nzima, maji ya juu huwa yamepungua chumvi na yamebeba taka za mji. Jaza madumu kabla mvua hazijaanza.

Ukifika nyumbani yachuje kwa kitambaa kizito, uyaweke gizani yatulie, kisha umimine ya juu uache mashapo. Na madumu yawe ya maji tangu mwanzo, yasiwe yalitiwa mafuta au sabuni. Unaweza kuosha mpaka ukachoka, harufu ikibaki tu jua hayafai.

Swali langu mimi ni joto. Hapa Machi nyumba inaoka.

Chumvi Kali:

Kadzo umemaliza, sina la kuongeza kwenye kuchota.

Joto: bahari yetu yenyewe Julai na Agosti iko kwenye 25, Machi na Aprili inafika 29 mpaka 30. Kwa hiyo samaki wa huku si kwamba hajui joto. Tofauti ni kwamba yeye kule chini ana maji yasiyo na mwisho yanayosukwa na mawimbi. Maji ya chumvi hubeba hewa kidogo kuliko maji yasiyo na chumvi, na yakipata joto hubeba kidogo zaidi: kwenye nyuzi 25 ni kama miligramu 6.7 kwa lita, kwenye 30 inashuka karibu na 6.2. Fayafishi akianza kuelea juu juu akipumua haraka mchana wa Machi, hana ugonjwa, anatafuta hewa.

Feni ndogo ya mezani ikipuliza juu ya maji inashusha nyuzi 2 au 3. Ndiyo faida nyingine ya mfuniko wa wavu. Ulenge 25 mpaka 27. Pampu ya mawimbi ielekezwe juu ivuruge uso wa maji, lakini chini kule mashimoni maji yawe na utulivu. Usiwahi kutia barafu, joto kushuka ghafla ni baya kuliko joto lenyewe.

Mla Dagaa:

Kwa hiyo nimnunulie samaki feni wakati mimi mwenyewe nalala na gazeti 😂

mzee wa ngalawa:

Nimesoma yote. Mimi nimevua miaka mingi, huyu samaki namjua, tunamwona tukizamia. Swali langu ni moja tu. Kama ni mwoga hivyo, na nyumba yake ni shimo, na dawa yake ni kuachwa, kwa nini msimwache?

Chumvi Kali:

Shikamoo mzee. Swali lako sitalikwepa.

Fayafishi karibu wote walioko madukani wametolewa baharini. Kuwazalisha ni kugumu, tofauti na nemo ambao siku hizi wanazalishwa kwenye matanki kwa wingi duniani. Kenya kuna wavuvi wa samaki wa mapambo wenye leseni, wanazamia na nyavu ndogo, na samaki wanasafirishwa Ulaya na Marekani. Mvuvi mzuri anampandisha taratibu kutoka kilindini ili kibofu cha hewa kisimuumize. Kwingine, hasa Ufilipino na Indonesia, sayanidi imetumika sana kuwalewesha samaki na imeua matumbawe mengi. Kwa hiyo siwezi kukuambia ni starehe isiyo na deni.

Msimamo wangu ni huu: ambaye hajawahi kuweka maji chumvi, asianze na huyu. Aanze na nemo waliozalishwa, akae nao mwaka. Akishaweza kutunza maji ndipo afikirie fayafishi, na awe mmoja, anunuliwe kwa mtu anayeweza kusema ametoka wapi.

mzee wa ngalawa:

Marahaba. Hapo angalau umesema. Na mawe je? Naona vijana wanakuja ufukweni na nyundo.

Chumvi Kali:

Hao waache tabia hiyo, mzee, na wakamatwe. Wakuu sikilizeni: matumbawe magumu yote yako kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na mawe hai, yaani mawe ya matumbawe yanayotolewa baharini na viumbe wake, yanaingia humo humo. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi za bahari tangu 1975, na Mafia ni hifadhi tangu 1995. Huko huokoti hata gamba. Kenya nako, Malindi na Watamu zimehifadhiwa tangu 1968.

Na huna haja nayo. Pwani yetu yote imekaa juu ya matumbawe ya kale, ndiyo mawe yanayochimbwa nchi kavu kwa ajili ya kujengea. Chagua yale mepesi yenye matundu mengi, ambayo hayajagusa saruji wala rangi. Yasugue kwa brashi, yaloweke, badilisha maji mpaka yasitoe vumbi. Yanakuwa makavu hayana bakteria, kwa hiyo utasubiri zaidi, ndiyo tofauti pekee.

Kusubiri maana yake nini? Taka za samaki zinatoa amonia, bakteria wanaigeuza nitriti, wengine wanaigeuza nitreti. Amonia na nitriti zinaua. Tia chembe ya chakula au kipande cha kamba kwenye tanki lisilo na samaki, pima kila baada ya siku chache: amonia itapanda ishuke, nitriti itapanda ishuke. Zote mbili zikisoma sifuri na nitreti imeonekana, badilisha sehemu kubwa ya maji, ndipo ulete samaki. Kawaida ni wiki 4 mpaka 6, mawe makavu yakipita hapo usishangae. Kuna mdau atakuja kusema dukani walimwambia siku tatu. Walikuwa wanauza samaki.

Jirani wa Kigoma:

Sisi wa bara tumeonewa kwenye uzi huu. Bahari iko wapi?

Chumvi Kali:

Mkuu wewe umekaa juu ya hazina halafu unalia. Ziwa Tanganyika lina samaki wadogo, sentimita 4 au 5, wanaoishi ndani ya magamba ya konokono Neothauma. Neolamprologus brevis ni mmoja wao. Akishtuka anapotelea kwenye gamba lake, tabia karibu ile ile ya fayafishi, na anazaa humo humo ndani ya tanki lako. Hana haja ya chumvi wala vifaa vya gharama. Fungua uzi wake, nitakuja kujifunza.

Neema_Mbezi:

Habari wakuu. Mimi ninaye, alikuwa anatoka na kula vizuri. Juzi usiku umeme ukakatika, asubuhi nikamkuta ndani ya kichujio, juu ya wavu wake, bado hai, nikamrudisha. Tangu hapo hatoki. Nimeinua mawe kumtafuta, yupo, lakini kabadilisha pango. Nifanye nini? Nimejaribu kumtupia chakula mbele ya shimo, kinaoza tu.

Chumvi Kali:

Pole dada. Nenda polepole.

Kwanza acha kuinua mawe. Kila ukiinua unamwambia pango hilo si salama, anahama, na ukimfukuza mara kadhaa atarudi kwenye njia ya juu.

Umeme: taa ikizima ghafla, kutoka mwanga mkali kwenda giza totoro, yeye anaona adui kapita juu. Nunua taa ndogo ya chaji inayojiwasha umeme ukikatika, iweke upande wa pili wa chumba, siyo juu ya tanki. Na hata siku za kawaida usizime taa ya tanki huku chumba kikiwa giza. Zima ya tanki kwanza, ya chumba ibaki kama nusu saa. Pampu ya hewa ya betri nayo iwepo. Umeme ukikatika saa kadhaa bila maji kusukwa, hewa ndiyo inayoisha kwanza.

Chakula: hali cha chini. Kikishatua mchangani kwake si chakula, kwa hiyo kuporomosha mbele ya shimo ni kulisha nitreti. Tafuta mayai ya artemia, vijikamba vidogo sana vya kulishia samaki, uyaangue kwenye chupa ya maji ya chumvi yenye hewa, kwa joto letu saa 24 zinatosha. Chukua sirinji bila sindano, vuta vile vidudu, halafu simama pembeni ya tanki, siyo mbele. Punguza taa. Viachie kidogo kidogo upande mkondo unakotoka, vipite juu ya shimo lake kwa umbali wa kiganja. Usimwangalie uso kwa uso. Utaona kwanza mwiba unatokeza, kisha macho. Atapanda kidogo, atadonoa kimoja, atarudi. Kisha viwili. Akirudi ndani usiongeze, ngoja. Mara mbili au tatu kwa siku, kidogo kidogo. Akishazoea mletee misisi (vijikamba vingine vikubwa kidogo) waliogandishwa, uwakate wadogo, mdomo wake si mkubwa.

Mwangalie pia mwilini akitokeza. Ukiona vidoa vyeupe mfano wa chumvi laini, hiyo ni Cryptocaryon, kimelea cha samaki wa baharini, tupigie kelele hapa kabla ya kutia dawa yoyote. Dawa za shaba zinatumiwa kwenye tanki la pembeni tu. Kwenye tanki kuu zinaua kamba na konokono, na mawe yanainyonya. Na tanki kuu likae bila samaki, wafugaji wengi wanashika siku 76, ili kimelea kikose wa kumshika.

Nani mwingine yumo ndani ya tanki?

Neema_Mbezi:

Nemo wawili na kamba mmoja. Na yule mweusi wa madoa matatu, ila bado mdogo.

Chumvi Kali:

Huyo mweusi mtoe wiki hii. Nusu ya tatizo lako umelitaja mwisho.

Neema_Mbezi:

Nimemtoa jana, nimemrudisha dukani, ilibidi nitoe nusu ya mawe kumkamata kwa hiyo fayafishi kahama tena 😩 Ila leo jioni nimefanya ile ya sirinji, nimekaa pembeni kwenye kigoda, taa ya tanki nimezima. Mwiba umetoka. Kala, sijui vingapi, lakini kala. Sasa mume wangu anasema tumletee mwenzake asikae mpweke. Tulete?

Chumvi Kali:

Msalimie shemeji, lakini hapana. Wakiwa wadogo baharini wanakaa kwa makundi, wakikomaa wanakaa wawili wawili, na hao wawili wamechaguana wenyewe. Ukimletea mgeni ndani ya lita 80 mmoja atamfukuza mwingine mpaka aruke au afie pembeni. Dume na jike huwezi kuwatofautisha kwa macho. Labda ukute dukani wawili wanaingia shimo moja bila ugomvi, hapo nunua wote wawili kwa pamoja, na wa kwako uwe umeshampatia tanki lingine.